Mifuko Sita ya Kalembe

Kashuga, 24 Januari 2022

Noëlla, mpwa wangu,

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuamini kwamba wastani ni mtu. Akisikia kuwa wastani wa mavuno ya kijiji ni mifuko minne, mara moja anamwona mkulima fulani, ana kofia na jembe, ameegemea mifuko yake minne. Mkulima huyo hayuko. Bisha hodi kwenye kila mlango kuanzia hapa Kashuga mpaka huko kwenu Mpofi, hutamkuta. Mmoja ana mifuko tisa, jirani yake ana miwili, wa tatu ana debe tu. Wastani ni kile ambacho kila mmoja angepata kama wote wangemwaga maharagwe yao kwenye turubai moja, kisha wakagawana sawasawa. Nao, kama tunavyojua, hawagawani.

Hivyo ndivyo nimeanza ukurasa ulioniomba, wa kuwaeleza wakusanya takwimu wenu namna ya kutumia Kitunga chako. Bado nacheka kwamba ninyi watu wa kompyuta mnakiita maktaba kitu kisicho na kitabu hata kimoja. Lakini nimeelewa ulivyonieleza: ni fungu la kanuni fupi ambazo programu nyingine huziazima. Programu ya kwenye simu inatia namba kitungani, nacho Kitunga kinarudisha majibu matatu: walioulizwa ni wangapi, wastani ni ngapi, na mediani ni ngapi, yaani yule anayesimama katikati ukiwapanga wote kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi. Yote nimeyaandika, pamoja na mfano.

Ulifanya vyema kufuata shauri langu na kuuondoa ule mtawanyiko, kipimo cha nne. Niliufundisha darasa la mwisho la sekondari mpaka nikastaafu, na kila mwaka nilikuwa naona macho ya wanafunzi yakizimika. Simu za wenzako ni za zamani, na jua ni kali. Acha Kitunga kiwe chepesi.

Barua hii inaletwa na Cyusa wa pikipiki kwa sababu mnara wetu wa simu bado haujatengenezwa. Mama yako sijamwona tangu Noeli. Njia ya Kalembe haikuwa nzuri, ila sasa wanasema imetulia.

Mjomba wako,
Théophile Sebarenzi


Mpofi, 1 Februari 2022

Mjomba,

Ukurasa wako umesomwa kwa sauti hapa ofisini. Sylvain, mkuu wa muungano wetu wa wakulima, amesema kama ungekuwa mwalimu wake leo angekuwa profesa. Nikamwambia ulikuwa ukiwarushia chaki wanaosinzia. Akasema basi, leo angekuwa kipofu.

Kitunga kimefanya kazi. Hata kwenye simu ya Manzi, ile yenye kioo kilichopasuka, kinajibu kabla hujaondoa kidole. Sasa tunajua mbegu za maharagwe zipelekwe wapi kwa msimu huu. Muungano uliamua hivi: kijiji ambacho wastani wake unavuka mifuko minne kwa shamba kitajitegemea, mbegu ziende kwa walio chini. Mpofi iko chini. Watu wa kambi ya wakimbizi huko Kashuga, wanaolima vipande vya kukodi, wako chini kabisa.

Kalembe ni sita. Wastani sita, mediani sita. Nilipoona hivyo nilitoka nje nikasimama kidogo peke yangu. Wewe unajua nilivyokuwa nikimwaza Mama na zile mvua za Novemba. Manzi ndiye aliyekusanya huko. Anasema aliwauliza kanisani, siku ya ibada ya shukrani ya mavuno, wote wameketi, na Mama akasimama wa kwanza. "Shamba la Sebarenzi, mifuko sita." Akaketi. Eti alisimama kama askofu. Nimemwambia kila mtu hapa kwamba huyo ni mama yangu.

Nakutumia namba za Kalembe zote, nimezinakili kwa mkono, maana najua huwezi kulala bila kitu cha kukokotoa. Simu ya Mama haiiti. Ukipita kwake, mwambie nimesikia habari zake.

Noëlla


Kashuga, 8 Februari 2022

Noëlla,

Namba nimezipata. Nilizisoma jana, leo nimezisoma tena, na sasa nakuandikia jambo ambalo ningependa mtu mwingine ndiye akuandikie.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Mtawanyiko ni kipimo cha jinsi watu walivyo mbali na wastani wao. Vijiji viwili vinaweza kuwa na wastani mmoja, kimoja watu wake wakawa wamesambaa kama mbuzi malishoni, kingine wamebanana kama mbuzi waliosikia mvua. Mavuno ya kweli husambaa. Shamba moja liko bondeni, jingine liko mteremkoni ambako maji hukimbia na udongo. Huyu ana vijana watano wa kulima, yule ni mjane na mgongo unamuuma. Sasa tazama Kalembe: sita, sita, tano na nusu, sita, sita na nusu, sita, sita. Ukurasa mzima hivyo. Mimi nimesahihisha kazi za nyumbani maisha yangu yote. Darasa zima likileta jibu moja, ama wote wamelijua, ama wote wamemtazama mmoja.

Na kwetu, wewe mwenyewe umekulia huko, shamba la urithi halisemwi vibaya mbele ya mgeni. Mtu akiulizwa mavuno hutaja yale ambayo shamba linajulikana nayo, yale ya baba yake. Akitaja pungufu anaona kama amemvua marehemu nguo. Babu yako alikuwa akivuna sita. Nanyi mmewauliza hadharani, kanisani, siku ya kushukuru.

Simsemi mtu yeyote. Naomba tu mbegu zisiondoke kabla Kalembe haijaulizwa tena, kila mtu nyumbani kwake. Ijumaa nitapita huko.

Mjomba wako,
Théophile


Kalembe, 13 Februari 2022

Kaka Théophile,

Tangu ulitoka hapa roho yangu haitulie. Uliketi mu nyumba, ukaomba maji, nikakuletea maji tu, na wewe ukajua. Ukazungumuza tu habari ya njia. Ingekuwa afazali useme.

Uliona fasi tunaweka maharagi iko bule, haina kitu. Njo hivyo. Mvua ilikamata maua, maharagi ikaoza mu shamba. Tulipata nusu ya mufuko, na tulishakula, hata ile tulichunga ya mbegu. Sasa tunakula mihogo ya jirani yangu Athanasie. Kila mangaribi ananiletea, anasema kwake iko mingi. Haiko mingi. Mimi najua shamba yake.

Unataka kujua juu ya nini nilisema sita. Ule muntu wa Mpofi alisimama mbele na simu mu mukono, akasema hii kazi ya kuhesabu ni Noëlla njo aliitengeneza, Noëlla wa hapa Kalembe. Bantu bote bakanigeukia. Bakapiga makofi. Kaka, nisimame niseme nusu? Mama ya muntu mwenye akili vile, na shamba ya Papa yetu, nusu? Nikasema sita. Kinywa njo ilisema.

Athanasie alikuwa nyuma yangu. Yeye alivuna mufuko moja, nilimusaidia kuubeba. Aliniangalia, akasema sita. Kisha mwengine sita. Nani angesema moja wakati binti ya Sebarenzi amesema sita?

Leo tumesikia kama Kalembe haitapata mbegu. Hakuna muntu ananilaumu. Bananisalimia muzuri tu, tena kuliko mbele. Hiyo njo inaniuma.

Usimwambie mutoto. Afazali tukose kupanda kuliko yeye ajue mama yake njo alitia uongo mu kazi yake.

Libérata


Mpofi, 15 Februari 2022

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 8 imenifikia leo. Cyusa alizuiwa njiani kwa sababu ya milio ya risasi.

Unasema watu wa Kalembe wamedanganya. Neno hilo hukuliandika, ulilizunguka kwa adabu, lakini nimeliona katikati. Na aliyesimama wa kwanza ni Mama. Basi umemsema yeye.

Naomba pia uelewe mahali nilipo. Hapa kila mtu anajua Kalembe ni kwetu. Nikisimama niseme Kalembe waulizwe tena, Sylvain atacheka, na wengine hawatacheka. Watasema binti anachota mbegu za Mpofi na za watu wa kambi ili ampelekee mama yake. Kitunga kitaitwa kitunga cha kuibia, na watakuwa na haki ya kukiita hivyo.

Halafu mtawanyiko. Ulikuwemo, Mjomba. Niliuandika, nikaujaribu, ukawa unafanya kazi. Wewe ndiye uliyeniandikia, "Punguza, utawachosha." Nikaufuta kwa sababu wewe ni mwalimu. Sasa unanieleza kana kwamba sikuwahi kuuandika.

Magari yatapakia mbegu mwisho wa mwezi. Kama kuna kitu unakijua, kiandike waziwazi. Kama hukijui, niache nifurahi kidogo.

Noëlla


Kashuga, 18 Februari 2022

Dada yangu Libérata,

Mwanao ameniuliza kama kuna kitu ninakijua. Sijamjibu. Ulinifunga mdomo nami nikakubali, kwa hiyo sita yako sasa ni yangu pia. Tangu nipokee barua yake naiona kalamu mezani na siigusi.

Nikueleze jambo, maana ndiyo njia pekee ninayoijua ya kukaa na mtu mwenye huzuni. Katika Kitunga cha Noëlla kuna kitu kinaitwa mediani. Wapange wanawake wa kanisani kwenu mstari mmoja, mwenye kidogo mwanzoni, mwenye kingi mwishoni, kisha umwulize wa katikati tu. Kama wewe peke yako ungedanganya, ungehamia mwisho wa mstari na wa katikati angebaki yuleyule, au jirani yake tu. Pengine Athanasie na mfuko wake mmoja. Uongo wako usingemnyima mtu mbegu. Mwanao alikitengeneza kimstahimili mwongo mmoja, hata wawili watatu. Hakukitengeneza kiwastahimili watu wasiokubali kumwacha mwenzao aaibike peke yake.

Athanasie hakudanganyika, dada. Alijua ulichovuna. Alisema sita ili uwe na mtu wa kusimama naye.

Na kulikuwa na kipimo kimoja ambacho kingelitambua hilo papo hapo. Noëlla alikuwa amekiweka. Mimi ndiye niliyemwambia akitoe, kwa kuwa nilichoka kukifundisha. Nilipokuja kwako nikanywa yale maji na kuzungumza habari za njia, sikuwa mpole. Nilikuwa naogopa uniulize ni nani aliyesaidia kazi ile.

Magari yatapakia mwisho wa mwezi. Mimi sitamwandikia mtoto kabla yako. Mwandikie wewe. Cyusa nimemwambia asubiri hapo nje mpaka umalize.

Kaka yako,
Théophile


Kalembe, 19 Februari 2022

Mutoto wangu Noëlla,

Haikuwa sita. Ilikuwa nusu ya mufuko.

Bengine balinifuata mimi, usibalaumu. Mujomba wako hakukuambia kwa sababu nilimukataza, naye usimulaumu.

Usikuje. Sina kitu ya kukupikia na sitaki uone. Siku ile balipiga makofi juu yako, nami nilitaka niseme kitu yenye inafanana na makofi. Hakuna sababu ingine.

Kama kazi yako itaharibika juu yangu, useme mama yako hakusoma. Si kweli, lakini useme.

Cyusa ananiita. Uvae nguo ya baridi, Mpofi iko na ukungu asubui.

Mama yako,
Libérata


Mpofi, 24 Februari 2022

Mjomba,

Barua ya Mama nimeisomea nyuma ya ghala, pale tunapoanika magunia. Kwa hiyo ulijua. Sikukasirikii. Sina mahali pa kuiweka hasira hiyo, nafasi yote imejaa kitu kingine.

Nakumbuka nilivyokuandikia: nilipoona sita nilitoka nje nikasimama. Mimi nilikuwa nafurahi, na yeye alikuwa anakula mihogo ya jirani. Nikazunguka ofisi nzima nikiwaambia watu, huyo ni mama yangu. Nilijivunia njaa yake, Mjomba. Kila ninapompita Manzi mlangoni nageuza uso.

Nilikwenda kwa Sylvain. Nikampa barua. Akaisoma pole pole, akaikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia.

"Mama yangu mimi angesema nane," akasema.

Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia sijala. Akasema, "Basi wewe na mama yako mmelingana leo. Kaa chini."

Lakini hawezi kuamua peke yake. Kamati iliketi jana. Wengine walisema nilichojua watasema, nami nilikuwepo, nikawaacha waseme. Mwisho wamekubali hivi: fungu moja la mbegu litabaki ghalani, na Kalembe itaulizwa tena Jumatatu, nyumba kwa nyumba, kila mtu peke yake. Hatauliza Manzi wala mimi. Atauliza Adelaïde, mwanamke wa hapa Mpofi asiye na ndugu upande ule. Wakisema sita tena, lile fungu litapakiwa Jumanne liende kwingine, na hakuna atakayelizungumzia tena.

Mtawanyiko nimeurudisha. Ni mistari michache tu, Kitunga bado ni chepesi, hata simu ya Manzi haikulalamika. Namba zikifanana kupita kiasi, kinaandika: "Waulizeni tena, kila mtu kwake." Sylvain alitaka kiandike "Hatari" kwa herufi nyekundu. Nimekataa. Mama angeweza kuliona neno hilo.

Sasa ninachokiogopa ni hiki. Adelaïde atabisha hodi, na Athanasie atasema sita. Atasema ili Mama asionekane alidanganya peke yake. Na wengine vivyo hivyo, mlango baada ya mlango, kwa wema wao. Kitunga kitaandika maneno yangu, na kamati itasema waliulizwa mara mbili. Mimi siwezi kwenda. Siwezi hata kuwaandikia, itasemekana nimewafundisha majibu. Wewe unayejua kueleza, nifanye nini?

Noëlla


Kashuga, 26 Februari 2022

Dada yangu Libérata,

Nilikuwa nimekuandikia kurasa tatu. Zilikuwa na mfano wa mbuzi, na mfano wa turubai, na mahali fulani nilikuwa nimeanza kukufundisha mtawanyiko. Nimezichana asubuhi hii.

Mtoto amekwisha kuisoma barua yako. Hajakuonea haya. Anajionea haya mwenyewe, kama mimi, na hilo halitakwisha kwa barua. Ameyasema yote mbele ya wakubwa wake, na mbegu zenu zimebaki ghalani mpaka Jumanne. Hiyo ndiyo nafasi iliyopo.

Jumatatu atakuja mwanamke anayeitwa Adelaïde. Atawauliza kila mtu mlangoni kwake, na hatamwambia mtu jibu la mwenzake. Mimi sitakuja, kwa sababu nikionekana pale watasema majibu nimeyaleta mimi. Noëlla naye hatakuja. Lakini Athanasie hatasema mfuko wake mmoja maadamu anaona wewe bado umesimama juu ya sita zako. Wala wengine hawatasema. Hawamwogopi Adelaïde. Wanakulinda wewe, na watakulinda mpaka msimu upite bila mtu kupanda.

Hukumu ya nani alianza na nani alifuata iache. Usingoje Jumapili kanisani, huko kuna macho mengi, na ndiko tulikoharibikia. Cyusa anaondoka sasa hivi, atafika kwako kabla ya magharibi.

Leo, Athanasie akija na mihogo, mkaribishe ndani, umwambie ulivuna nusu mfuko.

Kaka yako,
Théophile